Masikio ya Mzee Eliudi Hayakuwa na Kosa

Mvua inanyesha mtaa wa Soweto, mjini Moshi. Ndani ya kibanda chake cha ufundi, Kornelia Mosha amevaa hedfoni. Anachomeka waya kwenye mashine ya CD, anachomoa, anachomeka mwingine. Anatikisa kichwa.

"Waya kama huu ndio uliomstaafisha mzee wa watu," anasema.

Anayemzungumzia ni Eliudi Kimaro, aliyekuwa mwalimu wa kwaya huko Mwika, mlimani Kilimanjaro. Mwaka 1999 mwanawe anayeishi Ujerumani alimletea mashine ya CD, pamoja na kisanduku cha pembeni kinachopokea tarakimu kutoka kwenye mashine na kuzigeuza kuwa sauti. Waya wa kuviunganisha ukasahaulika. Nyumbani wakachomeka waya wa kawaida wa redio, tena mrefu.

Tarakimu hizo, anaeleza Kornelia, lazima zifike kwa mwendo sawa. Waya usiofaa huzifanya ziyumbe. Sauti nyororo zikaingiwa na ukwaruzo, mara zikakatika kidogo. Mzee aliusikia. Watoto wake hawakusikia kitu.

"Wakaniambia, 'Baba, ni umri,'" anasimulia Mzee Eliudi. "Nikaamini. Nikawaza, kama CD siisikii vizuri, sauti za watu nitazisahihishaje?"

Akaiacha kwaya aliyoilea tangu ujana wake. Mashine ikafunikwa kitambaa sebuleni, miaka ikapita.

Mapema mwaka huu wa 2004, binti yake Gladness aliishusha mjini, pamoja na kisanduku na waya wake. "Dada Kornelia, inunue hata kwa spea. Baba masikio yamechoka, hata kwaya ameacha," akamwambia. Tangu redio za bei rahisi zijae madukani, vifaa vingi humfikia hivyo, kama mizoga. Lakini Kornelia aliijaribu kwanza, akasikia ukwaruzo. Akabadili waya. Ukwaruzo ukaisha.

Hakuinunua. Aliipandisha Mwika mwenyewe.

"Shikamoo baba. Hebu sikiliza."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee alisikiliza wimbo mzima amefumba macho. "Kumbe masikio yangu yalikuwa mazima," akasema, na machozi yakamtoka. Gladness akatoka nje, akaenda kusimama migombani.

Kornelia akamsihi arudi kwaya. "Wana mwalimu wao sasa," mzee alijibu. "Nitamwondoaje mtu?"

Jibu hilo linamuuma Kornelia hadi leo. "Nilikuwa hapa hapa mjini miaka yote hiyo. Hakuna aliyefikiria kumuuliza fundi."

Jumapili hii atapanda tena. Amezungumza na mwalimu mpya, Fredy, naye yuko radhi mzee aketi pamoja naye mazoezini.

"Sijui kama atatoka nyumbani," anasema. "Nitamwambia tu, baba, vaa koti twende."