Umekuja au Umeletwa?

Kitambaa cha Tuda kilikwishaupanda mlima mara nyingi kuliko vijana wengi wa bonde lile, na kila mara kilishuka vilevile kilivyopanda: kimekunjwa ndani ya shogi la baghala, chini ya mahema na masufuria ya wageni.

Mwenye baghala huyo alikuwa Bassu. Mnyama wake, mtoto wa punda na farasi aliyerithi ukaidi wa wazazi wote wawili, alibeba mizigo. Bassu alitangulia mbele kwa magoti yanayolia kama bawaba kavu. Tangu chama cha bonde kianzishe safari za mlimani, kazi haikukatika. Wageni walilala majumbani mwa watu, walishuka na takataka zao mpaka maganda ya mayai, na hawakuruhusiwa kukanyaga malisho ambayo Sidi Yaala, walii wa mlima ule, aliyafunga tangu enzi zake, kila mwaka mpaka majani yakomae. Jambo jema, nani atakataa? Chama kililiita utalii endelevu. Ila hakuna aliyeuliza kama magoti ya Bassu nayo ni endelevu.

Safari ziliishia kwenye kaburi la walii, penye chemchemi na mti mkubwa wa mreteni ambao hakuna mkono uliowahi kuukata tawi. Mlangoni alikaa Lalla Kelthum, mwangalizi wa kaburi, bibi mwenye mgongo uliopinda na ulimi ulionyooka. Kila aliyefika, awe mchungaji au mkubwa wa serikali, alikutana na swali moja: "Umekuja au umeletwa?" Aliyekuja kwa nia yake alipewa mkate wa walii, na nadhiri yake ikapokelewa. Aliyeletwa na kazi, au na udadisi wake, alipewa chai, akaambiwa karibu siku nyingine. Watu wa bonde walidanganyana sokoni, walidanganya hata mbele ya kadhi, lakini pale mlangoni hawakuthubutu.

Na Bassu, juma baada ya juma, aliletwa.

Kitambaa kile Tuda, mkewe, alikifuma akiwa mgonjwa. Aliweka nadhiri kifunike kaburi la Sidi Yaala, na alitaka walau aonje ule mkate. "Nipeleke," alimwambia mumewe. "Juma lijalo," Bassu akajibu, "wageni wakishaondoka." Juma lile likaja na wageni wengine. Ngoja ngoja huumiza matumbo, husema wahenga. Hawakusema kwamba anayengojesha ni mmoja na anayeumia tumbo ni mwingine. Tuda alifariki mwaka jana wakati wa kuangua jozi mitini, Bassu akiwa mlimani anafungua kamba za mahema. Kufuma alikuwa amemaliza.

Sasa theluji ilikuwa imekwishaonekana kileleni. Ikishuka njiani, Lalla Kelthum hufunga mlango na kwenda kwa wanawe mpaka majira ya maua. Bassu alijua kwamba magoti yake hayatauona msimu mwingine. Nadhiri ya Tuda ilikuwa ni sasa au basi tena.

Alipanda na kundi la mwisho. Zaid, mtoto wa nduguye, ndiye aliyewaongoza wageni.

"Ami Bassu, leo kitoe hicho kitambaa nasi tupumue," Zaid alimwambia walipokaribia. "Mwambie bibi umekuja."

"Nimekuja na nini? Na masufuria?"

"Msafiri kafiri, Ami. Sidi Yaala mwenyewe anakujua."

"Ndiyo maana. Angekuwa hanijui ningemdanganya."

Mlangoni bibi alimtazama juu mpaka chini. "Haya, mzee wa masufuria. Umekuja au umeletwa?"

Bassu alikuwa ameutia mkono ndani ya shogi, vidole vinaigusa sufu ya kitambaa. Nyuma yake wageni walikuwa wakiupiga picha mreteni. Alichoka, alichoka kweli, na uongo ulimngoja kama kitanda kilichotandikwa.

"Nimeletwa, Lalla."

"Chai ipo," bibi akasema. Kisha, akimimina: "Kesho nafunga. Mimi na theluji hatupatani."

Jioni hiyo Bassu aliwashusha wageni mpaka kwenye gari lao. Usiku hakula. Alfajiri alitia kitambaa begani, akapita zizini. Baghala alimtazama, akageuza uso. Bassu hakumlaumu.

Alikutana na Zaid kisimani.

"Ami, unakwenda wapi? Wageni si wameondoka!"

"Ndiyo maana nakwenda."

"Kwa miguu? Utafia njiani, mzee wewe!"

"Basi mtajua pa kunitafuta."

Alipanda akisimama kila mara, mikono magotini, akijilaani na kumlaani walii aliyechagua kuzikwa mbali na binadamu. Njia nzima alijizoeza neno lake moja: nimekuja, nimekuja. Alilisubiri kwa miaka, na sasa lilikuwa halali yake.

Lalla Kelthum alikwisha kufunga furushi lake, ufunguo mkononi. Chembe za theluji zilikuwa zikimwangukia ushungini. Alipomwona hakushangaa, au alificha.

"Umekuja au umeletwa?"

Bassu akafungua kinywa.

"Nimeletwa, Lalla."

"We Bassu, una wazimu? Wazungu wako wako wapi? Hata mnyama huna! Nani kakuleta?"

"Tuda," alisema, na hapo machozi aliyoyabana tangu msimu wa jozi yakamtoka, naye hakuyafuta. "Mimi nisingekuja, Lalla. Aliponiambia nimlete, sikumleta."

Bibi aliweka furushi chini. Alifungua tena mlango, akakipokea kitambaa, wakakitandaza pamoja juu ya kaburi, yeye upande huu na Bassu upande ule. Mkate wa walii ulikuwa umekwisha. Akafungua furushi, akatoa mkate wake wa safari, akaumega nusu mbili.

"Hii yako," alisema. "Na hii ya aliyekuleta."

Bassu alikaa chini ya mreteni, bila mzigo wa kufungua, akala nusu zote mbili polepole.