Ridhaa au Kulipwa

Programu yangu ya chesi ilikuwa imeshinda mechi zote za asubuhi mwamuzi aliponipigia simu. Mashindano yalikuwa ya mtandaoni: kompyuta zinacheza zenyewe, sisi tulioandika programu tunakaa pembeni tukiangalia. Yalikuwa na madaraja mawili, ridhaa na kulipwa. Mimi nilikuwa ridhaa, sebuleni kwa shangazi yangu, mtaa wa Utemini, Singida, na laptop ambayo feni yake ilinguruma kama mashine ya kusaga.

"Kuna malalamiko juu yako," mwamuzi alisema. Alikuwa Mkenya, mpole, na upole wake ndio ulionitisha. "Mpinzani wako wa mechi ijayo anasema uliwahi kulipwa kuandika programu ya chesi. Ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Kabla sijarudi Singida, kampuni moja ndogo ya Dar es Salaam iliniajiri kwa muda nitengeneze mchezo wa chesi wa kwenye simu. Mchezo haukufika sokoni, kampuni ikafa. Nilipojiandikisha sikuwaza hayo kabisa. Niliona mtu wa ridhaa ni kama mimi, anayeshinda kutwa akitengeneza printa za watu mjini na kuandika programu yake akipata nafasi.

"Naomba muda kidogo," nilisema.

"Mechi ni saa nane. Nahitaji jibu kabla ya hapo."

Shangazi alikuwa mkekani akichambua mchele. Aliona uso wangu.

"Wanasemaje?"

"Wanauliza kama mimi ni wa ridhaa au wa kulipwa."

"Kama mabondia?"

"Kama mabondia, shangazi."

"Na ulishalipwa?"

"Kule Dar, ndiyo. Lakini nikisema hivyo wananitoa hapa ninapoongoza, wananipeleka kwa wakubwa wenye kompyuta za nguvu. Nitapigwa vibaya."

"Usiposema?"

"Sidhani kama wana ushahidi."

Hakuniambia niseme wala ninyamaze. Alirudisha macho kwenye ungo. Kimya kile kilinikera, maana nilitaka mtu aniamulie ili baadaye nimlaumu yeye. Nilizunguka sebuleni, nikasimama dirishani, nikarudi kwenye kiti. Saa nane ilipokaribia nikapiga simu.

"Ni kweli. Nililipwa."

Mwamuzi alishusha pumzi. Hakunifukuza, kwa kuwa nilikiri mwenyewe, lakini pointi zangu zote alizifuta. Akanihamishia daraja la kulipwa, nianze palepale.

Mechi ya kwanza nilipigwa kabla laptop haijapata moto. Ya pili nikapoteza malkia mapema, nikabaki natazama mfalme wangu akikimbizwa ubao mzima. Nikaiinua laptop juu ya sufuria iliyofunikwa ili ipate hewa. Katika mechi ya tatu mfalme wangu alibanwa kona, amebaki na askari mmoja, na bado yule mpinzani mkubwa akashindwa kummaliza. Nilipiga kelele hadi shangazi akaja mbio kutoka jikoni.

"Umeshinda?"

"Nimetoka sare! Na wa kulipwa!"

Alifikiri kidogo. "Sasa hao wanakulipa lini?"

Nikageukia mechi iliyofuata.

Nilimaliza wa pili kutoka mkiani. Yule aliyenilalamikia akachukua ubingwa wa ridhaa, kisha akaniandikia ujumbe mrefu wa kunipa pole. Nilikaa nao karibu wiki nzima ndipo nikamjibu, tena kwa neno moja tu: asante.