Virve na Uzee wa Ng'ambo

Nitamsema Virve, na angekuwa yeye anayesimulia angenisema mimi vilevile, tena kwa ukali zaidi. Tumefanya kazi pamoja miaka mingi katika hoteli ya tiba hapa Pärnu, Estonia, karibu na ufukwe. Yeye anakanda, mimi napaka tope la dawa. Kati ya chumba chake na changu kuna pazia tu, kwa hiyo haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyasikia mwenyewe, mikono yangu imejaa tope hadi viwikoni na mgeni fulani amelala mbele yangu kazungushiwa shuka.

Wageni wetu ni Wafini, na karibu wote ni wazee. Asubuhi wanavuka bahari kwa meli, basi linawapokea bandarini Tallinn, mchana wako kwetu wanavua viatu. Kwa siri tunawaita kulungu, wanyama waliojaa misitu ya kwao. Wenyewe wanajua, na hawajali, na hilo ndilo linalotuudhi. Mzee wa kwetu mwite kulungu uone kama hatakununia mpaka siku ya kuzikwa.

Virve alikuwa na miaka sitini na tisa na bado alikuwa kazini. Si kwa kupenda. Pensheni ya kwetu inalipia kuni na dawa, halafu inakuacha ukitazamana na mkate mweusi. Ujanani alikuwa muuguzi wa watoto, akijinyima ili siku moja anunue kijumba kando ya bahari. Utawala wa Warusi ulipoanguka na nchi ikabadili fedha, zile rubli zake zikawa makaratasi. Mwenyewe husema zilimtosha kununua jozi moja ya buti, tena la kushoto lilimbana.

Wivu wake kwa Wafini ulianza kabla hajamgusa Mfini hata mmoja. Alikulia karibu na Tallinn, ambako ukiigeuza antena vizuri televisheni ilikamata matangazo ya ng'ambo. Msichana mzima anakaa jikoni kwa mama yake akitazama majiko ya watu wengine. Soseji zinakaangwa, kahawa inamiminwa, mama wa Kifini anachekelea sabuni. Kifini alijifunzia hapo.

"Nilijua majina ya jibini zao zote, Asta," aliniambia, "na sijaonja hata moja."

Sasa ndipo aingie Raili. Raili alitoka Lahti, alizaliwa mwaka mmoja na Virve, majira yaleyale ya kuchipua. Alikuwa mpishi wa shule. Hakuwa tajiri, hakuwa msomi, wala sura hakuwa nayo, na hilo la sura Virve alilichunguza kwa makini. Mume wake alikuwa amekufa. Nyonga yake moja ilikuwa ya bandia. Kila mwaka alikuja mara mbili, na kila mara aliomba Virve, hakutaka mkandaji mwingine.

"Angekuwa tajiri ningemsamehe," Virve alikuwa akiniambia tukinywa chai. "Lakini alikuwa anamenya viazi! Viazi, shoga! Mimi nilikuwa naokoa watoto wa watu."

Jambo lenyewe hasa lilikuwa mgongo. Raili alipokuja mara ya kwanza alikuwa bado hajastaafu, na mgongo wake ulikuwa mgumu kama kifuniko cha sanduku. Alipoacha kazi, kila safari ukaja umelegea kidogo zaidi ya safari iliyopita. Mimi na wewe tukimwona mtu anatabasamu tunaweza kujifariji kwamba anajifanya. Virve hakuwa na faraja hiyo. Aliushika ule uzima wa roho kwa mikono yake miwili, akaupaka mafuta, akalipwa ujira wa kuuongeza.

Na Raili naye mdomo hakuufunga. Nilimsikia nyuma ya pazia.

"Virve mpenzi, nikwambie kitu? Tangu nistaafu, kila mwaka unaushinda wa nyuma yake. Nilipokuwa na arobaini nilikuwa nalia ndani ya stoo ya viazi, kweli tena! Sasa naogelea, naimba kwaya, nalala kama mtoto. Hii ndiyo miaka yangu mizuri. Na wewe je?"

"Mizuri yetu ilikuwa ya ujanani," Virve akajibu.

"Lo! Lakini ujanani si ndiyo mlikuwa na Warusi?"

Virve akamwambia ageuke. Alipokuja kwenye chai midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe.

"Umemsikia? Ati kila mwaka unaushinda wa nyuma! Bibi yangu alikuwa anashuka ngazi kila mwaka, mama yangu akashuka, na mimi nashuka. Mimi nilidhani ndivyo binadamu alivyoumbwa. Kumbe ng'ambo wanapanda! Bahari ni hii hii, meli ni saa mbili tu. Nani kawageuzia ngazi?"

"Kunywa chai, mama. Inapoa."

"Nakuuliza, nani?"

Nikamsogezea kikombe. Nami wivu ninao, nisijifanye mtakatifu, ila wangu huwa unalala nikishiba. Wa Virve ulikuwa haulali.

Kitu kimoja tu alikuwa nacho ambacho Raili hakuwa nacho, nacho ni Kaljo. Kaljo alikuwa dereva wa basi la Wafini, mjane kama yeye, amefika sabini, mikono mikubwa na maneno machache. Kila Ijumaa jioni hoteli yetu inawapigia wageni dansi, na kwa kuwa basi lilirudi Jumamosi, Kaljo alibaki. Yeye na Virve walikaa meza moja, ile iliyo karibu na mahali pa kutundikia makoti, wakagawana sahani ya mkate na dagaa wa chumvi. Vuli ilipofika alimpasulia kuni. Virve naye akampa chupa za matango ya siki na kumshonea vifungo. Miaka ikapita hivyo na hakuna aliyefungua mdomo. Kwetu mwanamume akikupasulia kuni mpaka ukutani kukajaa, umeshaambiwa yote, kazi ni kwako kuelewa. Virve alielewa. Alichokuwa akingoja ni kuambiwa.

Katika dansi za Wafini kuna taa inayowashwa kuonyesha kwamba sasa ni zamu ya wanawake kuchagua. Ikiwaka, mwanamke anainuka, anamwendea amtakaye, na mwanamume hakatai. Hata awe na goti bovu, hakatai. Ijumaa moja ya vuli taa ikawaka, nami nikamsukuma Virve kwa kiwiko.

"Inuka, shoga."

"Mimi si kulungu."

"Kaljo huyu hapa ubavuni kwako. Hata kutembea huhitaji!"

"Akitaka, anayo miguu."

Kaljo alikuwa anatafuna dagaa, anatazama meza. Na mara nikamwona Raili anakatiza ukumbi mzima na nyonga yake ya bandia, gauni la rangi ya machungwa, akaja akasimama mbele yetu. Kaljo akafuta mikono. Wakaingia kwenye dansi ya tango. Sikuwahi kujua kwamba Kaljo anaweza kucheza, na nadhani hata yeye alikuwa hajui. Raili akamnong'oneza kitu, na Kaljo akacheka, kicheko cha sauti, kichwa nyuma.

"Amecheka," Virve akasema, kama mtu anayetoa taarifa ya wizi.

Asubuhi yake Raili alikuwa mezani kwa Virve, anakandwa kabla ya safari. Nikasikia: "Virve mpenzi, yule dereva, ana mtu?"

Mikono yangu ikasimama juu ya tumbo la mgeni wangu. Sema, mjinga wewe, nikawaza. Sema ni wangu. Neno moja tu lilitakiwa, na Raili, namjua, angepiga makofi na kuwafungisha ndoa siku ileile.

"Hana mtu," Virve akasema. "Lakini moyo wake ni mbovu. Daktari amemkataza kucheza. Wakati wowote anaweza kuanguka. Hata mimi naogopa nikimwona anainuka."

Halafu Raili akasema, "Maskini weee."

Nilimvamia chumba cha chai. "Moyo mbovu? Kaljo? Mtu anayebeba masanduku ya Wafini mawili kila mkono?"

"Hatamgusa tena," Virve akasema, mashavu yamemwiva kwa furaha. "Nani anataka mzee mgonjwa?"

Hapo ndipo alipojipalia makaa. Alimpima Raili kwa kipimo cha kwetu. Kwetu mzee mgonjwa ni dawa za kununua, ngazi za kumbeba na foleni za hospitali, na mwanamke mwenye akili anapita mbali. Raili alikuwa na pensheni, nafasi, daktari aliyemwita kwa jina la kwanza, na majira marefu ya baridi mbele yake. Mgonjwa wa moyo, tena anayecheza tango, kwake ilikuwa shughuli nzuri tu ya kujazia baridi hiyo.

Kwenye basi Raili alikaa kiti cha mbele. Alimwuliza Kaljo mara ya mwisho alipimwa lini, na Kaljo akasema jeshini. Ukimwambia mwanamume wa miaka sabini kwamba moyo wake mbovu, atalala anausikiliza mpaka ausikie kweli unagongagonga. Kabla ya Krismasi akavuka kwenda Lahti kuonwa na yule daktari. Alikwenda kwa wiki moja. Theluji ikaanguka, ikayeyuka, na Kaljo hakurudi.

Kuni za Virve mwaka ule alizipasua mwenyewe. Nilikwenda kumsaidia, akanifukuza, halafu akaniita nirudi. Habari tulikuwa tunaletewa na dereva mpya, kijana mwenye mdomo mwepesi. Ati Kaljo anaogelea. Ati Kaljo kanunua baiskeli. Ati Kaljo yuko kwenye kwaya.

"Kaljo anaimba?" Virve akamwuliza.

"Besi. Tena anasimama mstari wa mbele."

Virve akarudi chumbani kwake akafunga pazia. Baadaye, tukifunga kazi, nilimwuliza, maana nilitaka kujua: hivi unamwonea wivu nani hasa, Raili kwa kumpata Kaljo?

Alivaa buti zote mbili kabla hajajibu.

"Kaljo," akasema. "Ninamwonea wivu Kaljo. Raili nilikwisha kumzoea, yule alizaliwa ng'ambo, ni fungu lake. Lakini Kaljo ni wetu, Asta. Alikuwa anashuka na mimi."

Nilitaka kumkumbatia, ila kwetu hatukumbatiani ovyo. Nikamshikia mkoba.

Majira ya kuchipua wakaja Raili na Kaljo, safari hii Kaljo akiwa mgeni. Viatu amevua mlangoni kama Wafini, suruali nyekundu, nywele amekata. Aliwasalimia hata wafagiaji. Mapokezi wakawapangia bila kuuliza mtu: Raili kwangu kwa tope, Kaljo kwa Virve. Virve angeweza kusema anaumwa. Hakusema. Akanawa mikono, akaingia.

Raili nilimlaza nikaanza kumpaka magotini. Kiestonia anakisikia kidogo tu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nyuma ya pazia chupa ya mafuta ikafunguliwa.

"Umenenepa," Virve akasema.

"Supu ya samaki. Ina maziwa."

"Na moyo?"

"Mzima kama wa farasi. Daktari alinicheka mbele ya muuguzi wake."

Nikasikia viganja vya Virve vikienda juu, vikirudi chini. Kazi yake anaijua, hata siku kama ile haikuharibika. Kaljo akakohoa.

"Virve. Raili aliniambia ni wewe uliyemwambia. Kwamba unaogopa kila nikiinuka."

Chupa ya mafuta ikafunguliwa tena.

"Miaka yote tumekaa meza moja, na mimi sikujua kama kuna mtu duniani ananiogopea. Nilidhani unazipenda zile kuni."

"Zilikuwa kuni nzuri."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Viganja vikasimama. Vyangu pia. Nilikuwa nimeuma mdomo kwa nguvu hivi kwamba baadaye niliukuta umevimba.

"Nilidhani kwa umri wetu imeshapita," Virve akasema, polepole.

"Hata mimi nilidhani hivyo," akasema Kaljo. "Mpaka nilipovuka."

Raili akafumbua jicho moja ndani ya tope.

"Wanasema nini?" akaniuliza.

"Wanaongea habari za kuni," nikamwambia.