Nanyama na Foklifti Isiyonguruma

Mvua imeanza kupiga mabati, na wabebaji wanafunga milango yote miwili ya ghala la mahindi hapa Kitale. Ikinyesha lazima ifungwe, la sivyo magunia yatalowa. Agneta Nanyama yuko juu ya foklifti, ile mashine ya kunyanyua mizigo, na macho yake hayatulii. Anaangalia magunia. Anaangalia balbu darini. Anarudi kwa magunia.

“Balbu ikizima, moyo unanipiga,” anasema. “Hii inakula stima. Stima ikipotea, sisi ni watazamaji tu.”

Foklifti hii ya umeme ina wiki ya tatu hapa, na bado haijanunuliwa. Imeletwa kujaribiwa. Leo mchana mwenye ghala, Mzee Kibiwott, anashuka kutoka Kachibora kuamua: ainunue, au airudishe na kutafuta nyingine ya dizeli, kama ile kuukuu iliyoegeshwa nje.

Kwa Mzee huo ni uamuzi wa biashara. Kwa Nanyama, mama wa watoto watatu, ni uamuzi wa kifua chake.

Alizaliwa Matulo, karibu na Webuye. Hapa ghalani alianza kwa kushona midomo ya magunia, kabla ya dereva wa zamani kumfundisha usukani. Ameendesha ya dizeli miaka sita. Siku za mvua, milango ikifungwa, moshi ulibaki ndani naye. Mwaka jana, 1996, kikohozi kilimzidi hata akaacha kuimba kwaya. Daktari mmoja wa Bungoma alimwambia wazi: aachane na moshi, au aachane na pumzi.

“Nilimwambia, daktari, huo moshi ndio unasomesha watoto.”

Wiki jana nusura yote yaharibike. Stima ilipotea, mashine ikaisha nguvu, na Nanyama alikuwa kliniki Bungoma. Wabebaji wakafanya kile ambacho kila nyumba hapa hufanya mawe ya redio, zile betri ndogo, yakichoka: wakaisukuma nje, wakaianika juani.

“Si mawe hushika nguvu ukiyaanika?” anajitetea Kipruto, mbebaji mwenye mabega mapana. “Tukasema hii ni betri kubwa tu, bana. Itataka jua kubwa.”

Alasiri mvua ikaja. Yale magurudumu madogo, magumu, yakazama topeni mpaka trekta ikaitwa kuivuta. Mzee alikasirika. Ya dizeli, alisema, hukanyaga tope bila kulalamika.

Tangu hapo wabebaji wamekuwa wakisomba mawe kutoka mtoni na kuyatandaza kuanzia mlangoni hadi penye malori.

“Mama Mukhisa alitupiga na mdomo wiki mzima,” Kipruto anasema, akimwita Nanyama kwa jina la kifungua mimba wake. “Afadhali mawe.”

Mzee Kibiwott anaingia, kofia ikichuruzika maji, na mlango unafungwa nyuma yake. Anasimama kando ya rundo la magunia akitazama mahindi yake yakinyanyuliwa. Ghafla anageuka.

“Nani anaimba?”

“Ni mimi, Mzee,” Nanyama anajibu. “Hii haina ngurumo, watu hawasikii ikikuja. Kwa hivyo naimba, ndio wanipishe.”

“Si nilisikia ati kifua yako ilikwisha?”

“Ilikuwa inakwishia kwa ile ingine, Mzee.”

Mzee anafungua mlango, anatoka kwenye mvua, anayapiga yale mawe kwa kisigino cha gambuti, moja baada ya jingine. Nanyama amezima mashine. Mikono yake imeng'ang'ania usukani.

“Itabaki,” Mzee anasema akirudi. “Lakini ile kuukuu siuzi. Stima ikipotea ama tope ikizidi, Kipruto atafanya na hiyo, huko nje. Hapa ndani sitaki moshi tena.”

“Na mimi kifua yangu ni ya bati, Mzee?” Kipruto anauliza.

“Wewe utakuwa huko nje kwa jua. Si unapenda jua?”

Ghala zima linacheka. Nanyama anacheka pia, kicheko kirefu, na kikohozi hakimkatizi.

“Krismasi nataka kusimama na kwaya yetu huko Matulo, mstari wa mbele,” anasema. “Mama yangu alikuwa ameanza kuniwekea kiti na wazee. Nitamwambia akiondoe.”

Anainua macho kutazama balbu. Inawaka. Anawasha mashine, anaanza ubeti mwingine, na wabebaji wanampisha.