Aliyenifundisha kusimama amekataa kusimama

Shule inayofundisha kemia bila kufundisha uaminifu huzalisha wezi wenye vyeti. Hiyo ndiyo hoja yangu, na siiondoi hata baada ya yaliyonipata. Admin wa ukurasa huu, jina langu lifiche, hoja iache wazi.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita kutoka Saboti, upande wa Kitale. Baba alinipeleka shule ya bweni huku Bungoma kwa sababu ya desturi moja. Kila Ijumaa asubuhi, mbele ya shule nzima, aliyekosa wiki hiyo husimama mwenyewe kabla hajatajwa, hulitamka kosa lake, kisha huenda kulima shamba la shule. Hachapwi wala hachekwi. Mitihani yetu ya ndani tuliifanya bila mwalimu darasani. Mwalimu mkuu alikuwa akituambia, "Alama bila tabia ni deni." Niliamini. Chuoni nilibishana na wenzangu waliosema malezi si kazi ya shule, na nilipohitimu nilirudi kufundisha kemia palepale kwa hiari yangu.

Muhula huu, mtihani wa majaribio ulipokaribia, Mwalimu mkuu aliniita ofisini akanipa karatasi ya kemia.

"Kijana wangu, wazazi wanahamisha watoto. Fanya hii na Kidato cha Nne. Usiseme ni mtihani, sema ni marudio."

"Mwalimu, hii siwezi."

"Umesoma sana, sasa unataka kutusomea hata sisi?"

Nilimrudishia karatasi. Mwenzangu wa idara aliichukua, akawafanyisha wanafunzi swali kwa swali. Siku ya mtihani nilipoifungua bahasha, maswali yalikuwa yaleyale. Nilimwendea Mwalimu mkuu tena, akaniambia nisubiri siku ya wazazi ipite.

Siku hiyo Baba, aliyealikwa na Mwalimu mkuu, alikuja na koti lake la kanisani. Mwalimu mkuu alisoma alama za kemia, kisha akanitaja mimi kwa jina: "Hii ni kazi ya kijana tuliyemlea wenyewe. Hivi ndivyo tabia inavyozaa alama." Watu wakapiga makofi. Baba alisimama, akamshika Mwalimu mkuu mkono kwa mikono yake miwili. Nami nilikaa kimya, kwa kuwa sikuweza kumvunja baba yangu mbele ya watu. Mwalimu mkuu angenifukuza kazi ningevumilia. Alinivika uongo wake kama zawadi, akamtumia Baba kuufunga kifungo.

Niliingoja Ijumaa. Niliamini Mwalimu mkuu angesimama. Walisimama watoto wawili, mmoja alikuwa ametoroka kwenda sokoni, mwingine alimtukana mpishi. Mwalimu mkuu aliwasikiliza kwa uso uleule wa upole ninaoujua tangu utotoni, akawapeleka shambani.

Baadaye msichana mmoja wa Kidato cha Nne alinifuata.

"Mwalimu, si ile marudio ilikuwa mtihani yenyewe?"

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu. Tuliona. Na leo hakuna mwalimu alisimama. Sasa sisi tunasimama ya nini, ati ndio shamba ilimwe?"

Nikarudi ofisini kwa Mwalimu mkuu.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha kusimama."

Akacheka polepole. "Kusimama ni kwa wanafunzi, kijana wangu. Wakubwa hukaa, shule iendelee. Msalimie mzee wako."

Nikisema, Baba atajua kwamba makofi yale yalikuwa ya wizi, na watoto wale wataitwa wezi kwa kosa la wakubwa. Nikinyamaza, desturi iliyonilea itabaki njia ya kupata vibarua. Nishaurini nimwambieje Baba, maana hapo tu ndipo ninapokwama.

Mengine nayajua. Mwalimu, ukurasa huu unausoma, mara nyingi umetusomea visa vyake katika chumba cha walimu tukacheka pamoja. Ijumaa hii simama mbele ya watoto. Ukisimama, nitasimama kando yako, kwa sababu makofi yale niliyapokea, na jembe tutashika sote. Usiposimama, nitasimama peke yangu na kusema yote. Kabla ya siku hiyo nijibu hapahapa, mbele ya maelfu hawa, kwa jina au bila jina: kusimama ni kwa wanafunzi peke yao?