Ukoka ulistawi palipokuwa na fundi betri, nikadhani ardhi imepona

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenitokea mwenyewe uani kwangu Segerea, siongezi chumvi.

Nilinunua kiwanja ambapo zamani alikuwepo fundi betri za magari. Alikuwa anapasua betri mbovu na kumwaga uchafu wake hapohapo.

Nikapanda nyasi za bustani. Zikafa.

Nikapanda aina nyingine. Zikafa.

Baada ya mwaka ukoka ukaota wenyewe, kijani kizito, palepale kwa fundi.

Mie ni mwalimu wa baiolojia. Nikatangaza mtaani kwamba ardhi imepona.

Jirani yangu Mama Upendo anafuga ng'ombe mmoja bandani. Nikamwambia awe anakuja kukata majani. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo anakunywa mjukuu wake wa miaka miwili.

Baadaye rafiki yangu wa maabara akanipimia udongo na majani. Kote kuna madini ya risasi, yale ya kwenye betri.

Niwaeleze taratibu, siyo ngumu. Udongo ukiwa na madini mazito, mizizi inadumaa na nyasi nyingi zinakufa. Chache zilizozaliwa na uvumilivu zinabaki, zinazaana, mwisho eneo zima ni watoto wao. Risasi nyingi hubaki mizizini, lakini nyingine hupanda kwenye majani, na vumbi lake hugandia juu.

Nikaenda kwa Mama Upendo.

"Shikamoo mama. Usikate tena kwangu, yale majani yana sumu."

"Marahaba. Mwalimu, kama umechoka kuniona si useme tu? Yangekuwa na sumu yangekufa."

"Yameizoea."

Akafikiri. "Kama walevi wa pale kona."

"Hivyohivyo, mama. Ila mtoto hajaizoea."

Akaingia jikoni, akatoka na sufuria ya maziwa, akayamwaga yote.

Mtoto akapimwa damu hospitali. Risasi ilikuwemo. Daktari akasema tumewahi, maziwa yale yasimame, arudi tena. Kipimo cha pili kimeshuka, namshukuru Mungu.

Sasa kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza naenda mbali kumkatia Mama Upendo majani. Nabeba kichwani.

Ndugu zangu, ukijani unakupa habari za nyasi, siyo za udongo. Kabla hujakata majani ya mifugo, uliza pale palikuwa na nini.

Mwenye swali aandike hapa chini bila aibu. Hakuna swali la kijinga. Jambo la kijinga nimeshalifanya mie.