Zamfira Aliyeandikwa Ukurasa wa Waliolala

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, theluji ya usiku bado haijakanyagwa uani. Filofteia Bejan anainamia sanduku la bati lenye mchanga, anang'oa mabaki ya mishumaa ya jana kwa vidole vitupu. Masanduku yenyewe ni mawili, yamesimama ubavuni mwa kanisa chini ya kipaa kimoja. La kushoto limeandikwa Walio Hai. La kulia, Waliolala.

La kulia limejaa. La kushoto lina vipande tisa tu.

"Wafu ndio waumini wangu wa kweli," anasema, akikung'uta nta kwenye ndoo. "Hawahami, hawagombani na padri."

Kisha anachomeka mshumaa mmoja mpya upande wa kushoto, anauwasha, anaukinga na upepo kwa kiganja mpaka ushike. Hasemi ni wa nani. Ukikaa naye siku mbili tatu, atakuambia mwenyewe.

Filofteia ana miaka 67. Huu ni mwaka wa ishirini na sita anauza mishumaa katika kibanda cha mbao mlangoni mwa kanisa hili dogo, lililobanwa na magorofa ya Berceni, kusini mwa Bukarest, mji mkuu wa Romania. Mshahara wake ni lei 2,100 kwa mwezi, na miezi ya baridi akishalipia joto la nyumba, kinachobaki ni cha kula tu. Lakini mtaani hawamheshimu kwa ajili ya mishumaa. Wanamheshimu kwa ajili ya daftari.

Daftari hilo lina kila familia ya parokia, kurasa mbili mbili: huku walio hai, huku waliolala. Padri husoma majina hayo altareni, na kwa kila jina hukata chembe ya mkate. Tena kila Januari, sikukuu ya Ubatizo wa Bwana inapokaribia, Filofteia hunakili kutoka kurasa za walio hai orodha ya milango ambayo padri ataipita na maji ya baraka. Zamani padri aligonga milango yote. Watu wakaanza kulalamika, wengine wakawa wanazima redio na kujifanya hawapo. Siku hizi anafuata orodha.

"Nilipoanza tulikuwa familia mia sita na kumi na moja," anasema. "Leo ni mia mbili na arobaini. Waulize siku ya sensa, wote Waorthodoksi. Usiku wa Pasaka uani hapaingiliki. Jumapili ya kawaida nahesabu vichwa hamsini, na vyenyewe vyeupe kama theluji hii."

Wengine wamekwenda Italia kulea wazee wa watu. Wengine wamekufa. Na mmoja, Filofteia alimuua kwa kalamu.

Zamfira Oncescu, fundi cherehani mstaafu, alisimama kwenye nguzo ya pili kushoto kila Jumapili kwa miaka thelathini. Krismasi moja hakuonekana. Februari, Filofteia akitoka sokoni, aliona kitambaa cheusi kimetundikwa mlango wa chini wa jengo la Zamfira. Kitambaa hicho huwa na maana moja tu: humu ndani kuna msiba.

"Nilikuwa na viazi mkono huu, kabichi mkono huu," anasimulia. "Lifti mbovu, na yeye yuko ghorofa ya nne. Nikasema, masikini Zamfira! Nikafanya ishara ya msalaba, nikaenda zangu."

Maziko hayakupita kanisani, lakini hilo halikumshangaza. Wengi hapa wakifa, ndugu huwarudisha vijijini kwao. Siku hiyo hiyo alilifuta jina upande wa walio hai, akaliandika ng'ambo ya pili, chini ya jina la Ilarion, marehemu mume wa Zamfira. Tangu hapo kila Jumamosi ya Wafu akampikia koliva, ngano ya kuchemsha yenye sukari na njugu zilizopondwa, akaileta kanisani, watu wakala na kumwombea.

Aliyekufa alikuwa mjane wa ghorofa ya pili. Zamfira alikuwa hospitali, amevunjika nyonga.

Miaka minne na zaidi ikapita. Oktoba iliyopita akaja kibandani binti mmoja, Estera, ameshika kikaratasi.

"Naomba mumsomee huyu Jumamosi ya Wafu."

Filofteia akasoma: Ilarion Oncescu. "Nani kakutuma?"

"Bibi Zamfira, jirani yangu. Kwetu hatuwaombei wafu, ila yeye kang'ang'ania."

"Binti yangu, Zamfira alishakufa. Yumo humu daftarini. Koliva yake napika mwenyewe kwa mikono hii."

"Mama, nimetoka kunywa naye chai sasa hivi. Kanigombeza sukari haitoshi."

Estera ni wa nyumba ya sala ya Wabatisti, wale ambao mtaa huwaita walokole. Ndiye aliyemsikia Zamfira akianguka jikoni, ndiye aliyempelekea supu, kisha akawaleta wenzake wakamwoshea madirisha na kumwimbia. Mwaka juzi walimbatiza upya, amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya maji.

Siku hiyo Filofteia alifunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akazipanda ngazi sabini na mbili alizozikwepa. Estera alikuwa ametangulia, ameshasema yote.

Zamfira, mwenye miaka 84, alimtazama kutoka kitini bila kupepesa.

"Umeniletea koliva yangu?"

"Nisamehe, Zamfira."

"Miaka minne mnanila. Nilikuwa mtamu?"

"Zamfira, mimi…"

"Nauliza, uliweka ganda la ndimu? Nakujua wewe. Kwenye ndimu una mkono wa birika."

Walicheka wote wawili. Filofteia anakumbuka kwamba mwenzake ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

Mwandishi alipomtembelea, Zamfira hakuzungumzia daftari. Alizungumzia taulo.

"Januari iliyofuata baada ya kuvunjika nilijikongoja na fimbo, nikatandika taulo jeupe mezani, nikaweka kikombe na shada la rehani la padri kunyunyizia maji. Nikawasikia wanaimba ghorofa ya tatu. Nikasema, haya, sasa ni mimi. Nikasikia miguu inateremka. Mwaka wa pili nikatandika tena. Wa tatu sikutandika."

Kwa nini hakufungua mlango akawaita?

"Mtu mzima, na nyumba yangu, nipige kelele ngazini kama muuza samaki? Niliwangoja wanitafute."

Filofteia alikwenda kwa Padri Vichentie kuomba jina lirudishwe upande wa walio hai. Padri hakuwa mkali, ila hakulegea.

"Kwenye mkate wa altare nawataja wa nyumba yetu, Filofteia. Yeye ameondoka kwa miguu yake."

"Kwa miguu ipi, Baba, na nyonga imevunjika?"

"Mshumaa hakuna atakayekuzuia," padri akasema.

Ndio ule wa kushoto, wa kila asubuhi. Daftarini Zamfira hayumo tena, si huku wala kule. Upande wa waliolala pana mstari uliokatwa, na karatasi imechubuka.

Kurudi kanisa lake la zamani, Zamfira hataki. "Wale walinikuta hai," anasema. Lakini kuna jambo aliloliomba, siku Filofteia alipopanda mara ya tatu.

"Hawa wangu wakinizika wataimba vizuri sana, ila ngano hawapiki. Utapika wewe?"

"Nitapika."

"Basi safari hii panda kwanza unibane pua, uhakikishe."

Filofteia ataacha kazi Pasaka ijayo. Kabla ya kumkabidhi mtu daftari, ameamua kuugonga mlango wa kila familia iliyomo. Amekwisha kupita milango themanini na minane, baada ya kazi, magoti yakimuuma. Watatu amekuta wamekufa na hakuna aliyemwambia. Kumi na mmoja wamehama. Imebaki milango mia na hamsini na miwili.

Wiki ijayo padri atatoka na maji ya baraka. Orodha ameinakili Filofteia, na jina la Zamfira halimo. Atakapofika jengo lile, Filofteia anasema, atamfuata padri mpaka ghorofa ya tatu, kisha atamwacha ateremke.

"Maji hatayataka, najua. Nitakwenda mikono mitupu," anasema, akijifuta nta kwenye aproni. "Lile taulo sina haki nalo tena. Nataka tu mwaka huu akisikia miguu inateremka, asikie na inayopanda."